Nililala peke yangu kwenye kitanda cha fungate

WIKI hii sina umbea wa watu. Nakuletea umbea wangu mwenyewe, tena wa chumbani. Maana mwanamume mzima kulala peke yake kwenye kitanda cha futi sita kwa sita, kimepambwa maua mekundu yaliyopangwa mfano wa kopa, huku mkewe yuko ng'ambo ya maji kalala kitanda cha kamba, hiyo si habari ndogo.

Tuanze mwanzo. Mimi na mama watoto tumetimiza miaka 25 ya ndoa. Watoto wetu watatu, ambao sasa wana kazi na wanajiona wakubwa, wakakaa kikao bila sisi kujua. Wakachanga. Siku ya siku binti mkubwa akaja na bahasha. Ndani yake mna siku nne za Mafia, kwenye hoteli ya kifahari iliyojificha ufukweni, ndege kwenda na kurudi, kula na kulala juu yao.

"Baba na mama, nendeni mkapumzike," akasema.

Mie bwana nilipoona bei ya usiku mmoja, imeandikwa kwa dola, nikaanza kuhesabu mabati. Usiku mmoja tu, banda la uani linaezekwa lote. Nikawaambia watoto watupe hizo fedha mkononi, tutajipumzisha wenyewe hapa hapa Temeke. Wakakataa. Wanamjua baba yao.

Mama watoto hakuuliza bei. Aliuliza swali moja tu: "Hapo hotelini, Juani inaonekana?"

Hapa msomaji inabidi nikueleze. Mimi ni mtu wa Tabora, bahari nimeiona nikiwa na ndevu. Mama watoto ni mzaliwa wa Temeke, lakini bibi yake mzaa mama alikuwa mtu wa Juani, kisiwa kimoja kati ya visiwa vidogo vya Mafia. Aliolewa akiwa binti mdogo, kabla ya uhuru, mumewe akamleta Dar. Akazaa hapa, akazeeka hapa, na mwaka 2004 tukamzika hapa. Miaka yote hiyo wimbo wake ulikuwa mmoja: "Nikipata nauli nakwenda kwetu." Hakwenda. Ukoo mzima ukageuza kuwa utani. Mtu akiahidi jambo lisilotimia, anaambiwa, "Huyo naye anasubiri nauli ya bibi." Hata mie mkwe nimeutumia utani huo miaka 25, na watu wakacheka.

Basi kaa na hilo neno nauli, tutalirudia.

PEPO YA KULIPIA

Kutoka Dar ni nusu saa na ushei kwa ndege ndogo, zile ambazo rubani unamwona kisogo. Ukitazama chini unaona mto Rufiji unavyogawanyika kuingia baharini, vijito vimesambaa kama mizizi ya muembe na mikoko imejaa kila upande. Humo ndimo manowari ya Wajerumani iliyoitwa Königsberg ilimojificha, hadi Julai 1915 Waingereza walipoimaliza kwa msaada wa ndege zilizorukia Mafia. Kwa hiyo kisiwa hiki kilizoea ndege zamani, kabla ya sisi wenye bahasha za watoto.

Unashuka Kilindoni, mji mkuu wa wilaya. Kuna soko, kuna bajaji, kuna vijana wamekaa vijiweni kama Mbagala. Halafu unafuata barabara ya kilometa kama 14 kwenda Utende, minazi kulia, mikorosho kushoto. Kabla hujafika unakuta geti, unalipa kiingilio. Umeingia Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, ya kwanza ya aina yake nchini, iliyoanzishwa mwaka 1995. Ina ukubwa wa kilometa za mraba 822, sehemu kubwa ni maji, na vijiji vimo humo humo ndani. Hapa si kama mbugani kwamba ndani ni wanyama na nje ni watu. Hapa watu wamo, wanavua, wanaswali, wanagombana na majirani.

Lakini ukiingia hotelini hayo yote unayasahau. Kwanza kimya. Paa la makuti refu kama msikiti, boriti za mkoko, viti vya kulala, na bahari imewekwa mbele yako kama picha. Kijana anakuja na taulo ya baridi na juisi ya ukwaju. Dada wa mapokezi akanitazama mimi, akatazama nyuma yangu, akaniuliza kwa adabu sana, "Wageni wako wanakuja na gari la nyuma?"

Alidhani mimi ni dereva! Nikajigusa kifua. "Mgeni ndiye huyu." Binti wa watu aliona haya hadi nikamhurumia. Sikukasirika. Ukumbi ule ulikuwa na wageni kumi na wawili, na weusi ni sisi wawili tu. Hata wahudumu ilibidi tuwakumbushe kila mara kwamba Kiswahili tunakijua. Ulimi wao ulishazoea kubadilika wakishika sahani.

Chumba chenyewe, mama yangu! Upande wa baharini hakuna ukuta, ni pazia tu na chandarua kikubwa kama hema la harusi. Televisheni hakuna. Intaneti inashika pale mapokezi tu, tena kwa kubembeleza. Karatasi mezani inaeleza kwamba hapa mgeni amekuja kununua utulivu. Hebu fikiri. Sisi kwetu Temeke ukikaa kimya siku nzima majirani wanakuja kuuliza kuna msiba gani. Huku kimya kinauzwa, tena kwa dola.

Wazungu wanakijua kukinunua. Mume na mke wamelala vitini, kila mmoja na kitabu kinene kama tofali, kuanzia chai hadi jioni hawajasemeshana. Mama watoto akaninong'oneza, "Hawa wamegombana?"

Kujificha kwenyewe lakini ni kwa nusu. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza kujenga kitu cha kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, na mwambao ni njia ya watu. Asubuhi maji yakitoka, kina mama wanapita mbele ya vyumba na ndoo zao wakienda mwambani, wanaongea kwa sauti. Mgeni anadhani yuko peke yake duniani, kumbe amelala pembeni ya barabara ya kijiji.

Na Juani? Inaonekana bwana. Mstari mrefu wa kijani ng'ambo ya ghuba, nyuma ya kisiwa kidogo cha Chole. Mama watoto alivuta kiti mpaka ukingoni mwa baraza, akakaa. Nilimwita tukaoge, hakuja. Nikamletea juisi, akainywa huku macho yako kule kule.

CHOLE NA POPO WAKE

Siku ya pili hoteli ilitutembeza Chole. Ni kisiwa kidogo, unakizunguka kwa miguu kabla jua halijakuchosha, lakini kiliwahi kuwa makao makuu ya Mafia nzima. Waarabu wa Oman walikaa hapo. Mwaka 1890 Wajerumani wakamlipa Sultani wa Zanzibar marki milioni 4 kwa ajili ya mwambao wote wa Tanganyika, na Mafia ikiwemo. Wakatawala kutoka Chole, hadi mwaka 1913 walipohamia Kilindoni kwenye maji mazuri zaidi ya meli.

Leo majumba ya wakubwa hao ni magofu. Mizizi imeshuka ukutani kama vidole vya mzee, na mahali pengine huwezi kujua ukuta unashikilia mti au mti unashikilia ukuta. Juu ya miembe wananing'inia popo wakubwa, wale wanaokula matunda, wengi kama nguo kwenye kamba. Jua likizama wanaamka na kupiga kelele kama wanafunzi waliofunguliwa shule.

Pwani tuliona mafundi wakiunda jahazi. Hakuna karatasi ya ramani wala mashine kubwa. Kuna shoka, tezo, keekee na macho ya fundi. Nikauliza vipimo viko wapi, mzee mmoja akagusa kichwa chake. Nikanyamaza.

Mama watoto akamuuliza mwongozaji lini tutakwenda Juani. Kijana akajibu kwamba Juani ni matembezi ya pekee, kwa wageni wanaopenda magofu, na bei yake iko kwenye karatasi. Karatasi ikaletwa. Dola, kwa kichwa. Mama watoto akacheka, ila kicheko chenyewe hakikuwa cha furaha.

NENO LILILONITOKA

Siku ya tatu asubuhi tulipelekwa kutazama matumbawe. Mie Mnyamwezi nilivikwa miwani na mpira wa kupumulia, nikaingizwa majini nimeshikilia boya kama mtoto anayeshika nguo ya mama yake. Lakini nilichokiona sitakisahau. Samaki wa njano, wa bluu, wenye milia kama pundamilia, wanapita mbele ya pua hawana habari na wewe. Nahodha alinieleza kwamba mwaka 1998 maji yalipata joto kali na matumbawe mengi ya Mafia yalikufa yakawa meupe. Mengine yamerudi polepole. Akasema zamani watu walipiga baruti humu, bomu moja linavunja nyumba ya samaki iliyojengwa miaka mingi.

Tuliporudi nilikuwa na njaa na furaha. Usiku wa siku hiyo ndio ulikuwa usiku wetu. Watoto walishalipia chakula cha wapendanao, meza ya watu wawili mchangani, mishumaa, na kamba koche, yule kamba mkubwa ambaye mimi namjua kwenye picha.

Baada ya chakula cha mchana mama watoto akafunga kanga kiunoni. "Twende Juani. Nimeuliza jikoni, mashua ya wanakijiji inaondoka Utende saa nane. Nauli ni ya kawaida tu, si ya dola."

"Leo?" nikamwambia. "Na kamba koche?"

"Tutarudi jioni."

Hapo msomaji ndipo shetani aliponishika ulimi. Nilikuwa nimeshajilaza kwenye bembea ya kamba, upepo wa kusi unanipuliza. Nikasema, "Unakwenda kumtafuta nani? Bibi amekufa, mama amekufa, humjui mtu. Utawaambia nini, kwamba ulikuwa unasubiri nauli?"

Nilitegemea acheke. Utani wa miaka 25, kwa nini asicheke? Hakucheka. Alinitazama kama unavyomtazama mtu aliyekukanyaga mguu akaendelea kwenda zake. Akachukua mkoba, akaenda.

Nami nikabaki. Nisikudanganye, nililala usingizi.

MAJI YAKATOKA

Saa kumi na mbili hajarudi. Magharibi hajarudi. Saa moja usiku meneja akanijia na simu mkononi. Nahodha wa mashua amepiga. Mama amekaa sana na wenyeji, maji yameanza kutoka, giza limeingia, hawezi kuvuka. Ataletwa kesho.

Ndiyo nikajifunza habari ya bamvua. Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, bahari hujaa sana na kutoka sana. Ghuba ya Chole kwa siku hizo hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu. Mchana ni bahari, usiku unaona mchanga na majani ya baharini, na mashua imelala ubavu kama ng'ombe. Hakuna dola inayoweza kuyarudisha maji kabla ya saa yake.

Meza ya wapendanao ilikuwa tayari. Kijana akauliza waiondoe. Nikasema acha. Basi nikakaa peke yangu mchangani, mishumaa miwili, viti viwili, kamba koche wawili wananitazama kwa macho yao ya pembeni. Wazungu walionyamaziana siku tatu sasa walikuwa na la kuzungumza. Mmoja alininyanyulia glasi kwa huruma.

Sikumaliza hata mmoja.

Chumbani nikakuta lile kopa la maua. Nikayazoa, nikayaweka juu ya kiti chake. Nikatoka barazani nikakaa pale pale alipokaa yeye siku tatu. Mwezi ulikuwa mkali, Juani ilionekana nyeusi upande wa pili. Ile niliyoidhani mandhari ilikuwa na taa moja. Taa ndogo, ya njano. Huenda mke wangu alikuwa chini ya taa ile.

Nikaanza kuhesabu, si mabati safari hii. Ni mara ngapi kile kibibi kilisema kinataka kwenda kwao, na sisi tukacheka? Mwaka ule nilipopata kazi nzuri, nilinunua makochi. Mwaka uliofuata, redio kubwa. Nauli ya kwenda Nyamisati kwa basi na kuvuka hadi Kilindoni ingetoka kwenye fedha ya betri za ile redio. Hakuna aliyemnyima. Hakuna aliyempa. Tulidhani ni wimbo tu.

"MTOTO WA NANI WEWE?"

Alfajiri maji yamejaa nikawa Utende. Nahodha, kijana mdogo, akanipakia bila kuniuliza ninatafuta nani. Habari zilishavuka kabla yangu.

Tulipita Chole, tukaingia kwenye njia nyembamba katikati ya mikoko. Nilishuka maji yakiwa magotini. Nikaongozwa hadi kwenye nyumba ya udongo na makuti, chini ya muembe. Mama watoto amekaa kwenye mkeka, anasuka ukili vibaya, wanawake watano wanamcheka. Kando yake bibi mmoja wa makamo ya juu, macho makali, kanga kichwani.

"Mama mkubwa," mke wangu akasema, "mumeo kafika."

Mama mkubwa! Maana yake huyu ni mkwe wangu. Nami nimesimama mbele ya mama mkwe na kaptura fupi ya hoteli yenye maua ya waridi! Wanawake waliangua kicheko. Mmoja akanitupia kikoi, nikajifunga haraka, nikapiga magoti kumwamkia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Ndiye wewe Mnyamwezi uliyemwacha mtoto aje peke yake?"

Nikasema ndiye. Ningesema nini?

Nikaelezwa yaliyotokea. Mama watoto alishuka jana hana pa kuanzia. Akamwamkia mzee wa kwanza aliyekutana naye, na mzee akamuuliza lile swali la pwani nzima: "Mtoto wa nani wewe?" Akataja jina la bibi yake, na la baba wa bibi. Yule mzee akageuka bila neno, akamshika mkono, akamleta hapa.

Bibi huyu ni mtoto wa dada yake yule bibi yetu wa Temeke. Alikuwa msichana mdogo siku mama yake mdogo alipopanda jahazi kuondoka. Anakumbuka kanga aliyovaa. Anakumbuka kwamba alipewa kipande cha kashata anyamaze.

"Nimemuuliza mtoto huyu," akaniambia, "mbona mama mdogo hakuja hata kumzika mama yake? Akaniambia alikuwa akisema nauli."

Akanyamaza kidogo. Akavuta ukili wake.

"Nauli. Na sisi huku tulikuwa tukisema, tukipata nauli tutakwenda Dar kumwona."

Hakuna aliyecheka. Niliinamisha kichwa nikatazama mchanga.

Baadaye tulikwenda makaburini, karibu na msikiti. Hakuna majina, ni mawe ya matumbawe tu, lakini mama mkubwa anayajua yote. Huyu mama yake bibi. Huyu dada yake. Mama watoto akakaa hapo muda mrefu. Tukasoma Fatiha. Alichokisema moyoni sikumuuliza, na hadi leo sijamuuliza.

Maji yalipotoka kabisa, mnamo saa nne, kina mama wakachukua vyuma vyao wakaenda kutafuta pweza mwambani, na mke wangu nyuma yao, kanga imepandishwa magotini. Mtu wa Temeke! Alirudi na pweza mmoja mdogo na kidole kilichokatwa, amefurahi kama aliyeshinda bahati nasibu.

Nahodha akanipeleka mimi Kua, kwenye magofu yale yale ya kwenye karatasi ya dola. Ni mji wa zamani, una misikiti, makaburi na jumba la mfalme, msitu umeuingia wote. Mwanzoni mwa karne ya 19 Wasakalava kutoka Madagaska waliuvamia wakateka watu, na mji haukuinuka tena. Wenyeji husimulia pia kisa cha Kua na Kisimani, mji uliokuwa upande wa magharibi wa Mafia, ambao sehemu kubwa imeliwa na bahari. Ati watu wa Kisimani waliunda chombo, wakawaalika wa Kua kwenye karamu, kisha wakawakamata watoto wa wageni na kukishusha chombo majini juu ya miili yao. Wa Kua hawakusema kitu. Miaka ikapita, wakawaalika wa Kisimani harusini, wakawaingiza kwenye chumba cha chini ya ardhi, wakaziba mlango. "Kisasi cha pwani kina subira," nahodha akasema, akanitazama. Nikamkumbuka mke wangu jinsi alivyochukua mkoba bila neno. Nikaomba turudi haraka.

NAULI

Alasiri maji yakajaa. Tulisindikizwa na nusu ya kijiji, na mzigo: nazi, mkeka mmoja, pweza mkavu. Tulipofika Utende mama watoto akatoa fedha ya mashua. Nahodha akakataa.

"Mtoto wa Juani halipi."

"Pokea," mke wangu akasema. "Hii si yangu. Hii ni ya bibi."

Kijana akamtazama, akapokea kwa mikono miwili. Sasa sikiliza msomaji. Fedha yenyewe haikufika bei ya juisi moja ya pale hotelini.

Usiku ule wa mwisho mpishi alitoka jikoni mwenyewe. Kumbe naye ana jamaa zake Juani, na habari zimeshamfikia. Hakutuletea vyakula vya kwenye karatasi. Alileta sufuria ya wafanyakazi, wali wa nazi, changu wa kupaka, na kachumbari yenye pilipili ya kweli. Yule dada wa mapokezi akaja kukaa nasi dakika mbili. Wote wakawa wanamwita mke wangu dada, wananiita mie shemeji, na Kiswahili kikawarudia wote bila kukumbushwa. Hoteli ni ile ile, kitanda ni kile kile. Mimi nikawaza kwamba kwa siku tatu tulikuwa tumelipiwa fedha nyingi ili tusimjue mtu.

Siwasemi vibaya wenye hoteli. Wanaajiri vijana wa vijiji vile, na yule meneja alikuwa muungwana. Nasema tu kwamba "mahali palipojificha" ni neno la mgeni. Ukiona taa ng'ambo ya maji, pale pana mtu na jina lake, na huenda anamsubiri mtu wako.

KAMA NAWE UNAKWENDA

Ukitaka kumwona papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani na asiye na madhara kwa mtu, nenda kati ya Oktoba na Machi, upande wa Kilindoni. Sisi tulikwenda Agosti, wakati wa kusi, papa hatukumwona, lakini ndio majira ambayo watoto wa kasa huanguliwa kwenye fukwe za Juani. Huna bahasha ya watoto? Kuna vyombo kutoka Nyamisati, na kuna nyumba za wageni za bei ya kawaida Kilindoni na Utende. Tazama mwezi kabla ya kupanga safari za mashua, usije ukalala peke yako kama mimi. Vaa nguo ya heshima ukishuka vijijini, hata kama huna mkwe. Na usimwambie mwenzio "unamtafuta nani".

Tuliporudi Dar binti mkubwa akatupokea uwanjani. "Mmepumzika?"

"Mama yako amepumzika," nikamjibu. "Mimi nimefundishwa."

Sasa kwetu jikoni kuna kopo la maziwa la zamani, limetobolewa juu. Juu yake mama watoto ameandika kwa kalamu nzito: NAULI. Desemba, Mungu akipenda, mama mkubwa anakuja Temeke kulisoma kaburi la mama yake mdogo. Kila mtu anayeingia nyumbani anatoa chochote. Na ule utani wetu wa zamani, tumeuzika.

Tukutane wiki ijayo.